Karani Aliyetukalisha Upande wa Adui

Sijui alizaliwa wapi, na kabila lake nililikisia mara tatu nikakosea mara zote tatu. Mtaa mzima tulimwita Karani. Hata mke wake, siku moja nilipomkuta akianua nguo, aliniambia, "Karani ameenda kunyolewa, ngoja hapo." Jina lake haliko kwenye karatasi hata moja kati ya zile alizoniandikia, kwa sababu kila alichoandika kilibeba jina la mtu mwingine.

Mimi niliishia darasa la tano, kwa hivyo anayesoma anisamehe pale maneno yatakapokwenda upande. Lakini majina ya waliostahili kutajwa nitayataja. Elphas Kisanya, kaka mkubwa wa marehemu mume wangu. Sospeter Makanda, aliyeshika vitabu na funguo katika ofisi ya nyumba ya mtaa wetu. Hao wawili walinitoa kwangu nikiwa bado nina kichwa cha msiba, nywele hazijaota. Nawaandika mapema asije mtu akadhani nimesahau.

Karani alikuwa mtu wa masijala ya korti, miaka na miaka, mpaka wakamstaafisha. Kazi yake huko ilikuwa kupanga mafaili na kuita watu kwenye baraza ya korti. Alituambia kwamba mtu akiitwa mara tatu asijibu, kesi yake imekufa, hata kama alikuwa ameenda haja tu. Basi alipoanza kutusaidia kila Jumamosi kwenye ukumbi mdogo nyuma ya kanisa, aliendelea vilevile. Angesimama mlangoni aite jina lako lote, la ubatizo, lako na la baba, kwa sauti inayofika mpaka kwenye bomba la maji. Mara moja. Mara mbili. Mara ya tatu usipoonekana, anaita mwenzako, nawe unarudi mwisho wa foleni.

"Karani, nilikuwa hapo nje tu nanyonyesha!"

"Na hakimu naye atakwambia yuko hapo ndani tu anahukumu. Rudi nyuma, mama."

Watu walimchukia kwa hilo. Mimi pia nilimchukia. Siku ya korti ndipo nilipoelewa, kwa sababu jina langu liliitwa huku kaseti inalia kwenye duka la ng'ambo na watu wanasukumana, nami nililisikia kama mtu amenigusa bega.

Msaada wenyewe ulikuwa wa bure, na hicho ndicho kitu kilichowatia watu wasiwasi. Miaka ile ya vyama vingi, mtu akikuita ukumbini bure ulijua kuna fulana atakuvisha au kura ataomba. Wengine walisema Karani anatafuta udiwani. Wengine walisema anaandika majina yetu kuyapeleka mahali. Jirani yangu Mama Otis, ambaye ndiye aliyenipeleka, alikaa wiki nzima akingoja aulizwe anampigia nani kura. Hakuulizwa. Aliulizwa tu, "Kiwanda kilikuachisha kazi kwa barua au kwa mdomo?" akaanza kulia, na Karani akamwambia, "Machozi weka mfukoni kidogo, tutayahitaji baadaye. Barua au mdomo?"

Ndivyo alivyokuwa. Huruma yake ilikuwa na makali. Hakupenda mtu aanze na hasira. Ukianza na, "Huyu mtu ni mnyama, Karani," aliweka kalamu chini, akatazama dari, akangoja. Ukisema, "Wanasema aliuza," aliuliza, "Wanasema nani? Waite waseme wenyewe." Alikuwa na koti moja la kijivu ambalo viwiko vyake vilishonewa ngozi, hiyo ngozi niliishona mimi, pale sokoni Kariokor ninaposhona mikanda ya vikapu mpaka leo. Alikataa nimshonee bure. Nikamwambia, "Wewe unaniandikia bure." Akasema, "Mimi nina pensheni, wewe una watoto." Hapo hapo akalivaa koti akaondoka bila asante. Huyo alikuwa mtu anayekusaidia na kukukasirisha kwa mkono uleule.

Kila Jumamosi, saa tano hivi, alikuja Wakili. Alikuwa msichana wa juzi tu, mwenye gauni refu la kazi na viatu vya kisigino alivyovivua chini ya meza, akadhani hatumwoni. Naye hakutoza mtu. Karani aliandika, Wakili akasoma, akasahihisha, akatia sahihi na kupeleka kortini. Karani hakuweza kutia sahihi yeye, hakuwa mwanasheria, na alihakikisha hatusahau jambo hilo. Mtu akimwita "wakili" alimkatiza: "Wakili ndiye yule mwenye miguu mitupu." Wakili angecheka huku uso umemwiva.

Sasa nieleze kile alichojulikana nacho kuliko vyote. Kabla kesi yako haijafika mbele ya hakimu, Karani aliifanyia korti yake mwenyewe pale ukumbini. Viti vya watoto wa shule ya Jumapili vilipangwa, yeye akawa hakimu, na watu wenye kesi nyingine wakawa mashahidi. Lakini hakukukalisha upande wako. Alikukalisha upande wa adui. Aliyefukuzwa na mwenye nyumba alicheza mwenye nyumba. Mama aliyetelekezewa watoto alicheza baba yao. Na ulitakiwa umtetee huyo mtu kwa nguvu zako zote. Ukijilegeza, alikufokea: "Unamwonea huyu! Mtetee! Hata yeye ana wakili!"

Watu wa mtaa wetu walipenda mchezo huo kuliko sinema. Mafundi wa reli, wauza mboga, wanawake wa kiwanda cha mablanketi, walikuja hata wasio na kesi. Mzee mmoja wa Bunyore aliigiza mwenye nyumba wake vizuri mno hadi mwishowe akasema, "Karani, kwa kweli huyu jamaa ana hoja," ukumbi ukaanguka kwa kicheko. Karani hakucheka. Alimwambia, "Sasa umeanza kuwa na kesi."

Zamu yangu ilikuja.

Nisimulie kwanza kilichonipeleka pale. Mume wangu Zakaria alifanya kazi karakana ya reli na nyumba yetu ya chumba kimoja na sebule tulipangishwa na ofisi ya nyumba ya mtaa. Kila mpangaji alikuwa na kadi, na kadi yetu ilikuwa na jina lake. Alipofariki tulimpeleka kwao, magharibi, kama inavyotakiwa. Tukazika. Baada ya siku zilizowekwa tukanyolewa, kisha ukoo ukakaa uwanjani kugawa vitu vya marehemu. Koti kwa huyu. Baiskeli kwa yule. Redio kwa mpwa. Mkoba wake wa kazi, ule mweusi wenye kufuli ya namba, ukatajwa uende kwa kaka mkubwa, Elphas. Mjane ndiye hutoa kwa mikono yake. Nilipiga magoti, nikautoa kwa mikono miwili, na ndani ya mkoba mlikuwa na kadi ya nyumba, barua za kazi na vyeti vya kuzaliwa vya watoto. Sikufikiria. Nani hufikiria siku hiyo? Nilidhani natoa mkoba.

Niliporudi Nairobi wiki chache baadaye nilikuta kufuli mpya mlangoni na pazia za rangi ambayo siwezi kununua. Mtu alikuwa anakaa ndani, rafiki wa Elphas. Nilikwenda ofisi ya nyumba. Sospeter Makanda alifungua kitabu, akapitisha kidole polepole kama mtu anayetafuta jina langu kwa nia njema.

"Nyumba ilirudishwa, mama. Mpangaji amefariki, mjane amerudi kwa wazazi wake moja kwa moja. Ndugu ya marehemu alileta kadi."

"Mjane ni mimi. Nimesimama hapa."

"Kitabu kinasema uliondoka."

"Kitabu kiliniona nikiondoka?"

Akafunga kitabu. Hilo ndilo jibu alilonipa. Tukaenda kulala jikoni kwa Mama Otis, mimi na watoto wangu watatu, Doreen ndiye mkubwa, na vyombo vyetu sikuviona tena isipokuwa fremu ya kitanda.

Lakini nilipofika kwa Karani sikusema nilimpa Elphas mkoba. Nilisema kadi iliibiwa kwenye sanduku langu wakati wa matanga. Kila mtu kwenye ua wetu aliniambia niseme hivyo. Walisema korti haimsikilizi mtu aliyetoa mwenyewe. Nami niliona aibu. Mwanamke mzima napiga magoti kutoa nyumba ya wanangu. Karani akaandika "iliibiwa." Wakili akasoma. Nikaapa.

Basi Jumamosi hiyo Karani akasema, "Leo Mama Doreen utakuwa Elphas."

"Mimi? Nikae upande wa yule? Afadhali nikalie jiko."

"Utakalia jiko tukimaliza. Keti pale."

Mama Otis akawa mimi, leso kichwani, anajifanya ananyonyesha. Nami nikawa Elphas. Nilimweza yule mtu, jamani. Nilivuta suruali isiyokuwepo kabla ya kukaa. Nilikohoa mara mbili kama anavyokohoa kabla ya kudanganya. "Mheshimiwa," nikasema, "mimi ndiye niliyemleta marehemu mjini. Mimi ndiye niliyemwombea kazi ya reli. Huyu mwanamke alimkuta tayari amevaa viatu." Watu wakashika mbavu. Mzee wa Bunyore akapiga makofi. Nikakolea. Sijui kama umewahi kuigiza mtu unayemchukia; ukizidi kidogo unaona ulimi unakwenda wenyewe.

Karani, kwa sauti yake ya uhakimu, akauliza, "Bwana Elphas, kadi ya nyumba ulipewa na nani?"

Nami nikajibu hapo hapo, bado nimevimba kifua, "Nilipewa na mjane mwenyewe, mheshimiwa. Mbele ya ukoo wote. Alipiga magoti akanipa kwa mikono miwili."

Kicheko kikakatika. Mama Otis akashusha leso.

Karani aliweka kalamu chini, akainyoosha sambamba na ukingo wa meza.

"Umesema mjane alikupa."

"Nilikuwa naigiza, Karani."

"Elphas hajui kuigiza. Elphas huyo ameniambia kitu ambacho Mama Doreen hakuniambia. Alikupa, hakukupa?"

Sikuweza kumtazama. "Nilimpa."

"Niliandika 'iliibiwa.' Kwa mkono huu. Nawe ukaapa." Hakupaza sauti. Ningependa angefoka. "Toka nje, Mama Doreen."

Wiki mbili hakuniita. Nilikwenda Jumamosi ya kwanza, nikakaa mpaka ukumbi ukafungwa. Akaita majina yote, langu halikuwemo. Jumamosi ya pili sikwenda. Kwa Mama Otis kulikuwa kumeanza maneno, mume wake anauliza kama jiko limekuwa hosteli. Niliona kabisa mwisho wetu: nirudi nyumbani magharibi na wanangu, na hapo maneno ya Sospeter kwenye kitabu yawe kweli.

Siku ya Jumanne, mchana, nikiwa sokoni Kariokor natoboa mkanda, nikaona koti la kijivu limesimama mbele ya kibanda changu.

"Una dakika?"

"Nina mkanda wa mtu hapa, Karani."

"Malizia."

Akasimama kwenye jua mpaka nilipokata uzi. Ndipo akasema ameongea na Wakili. Tutaapa upya. Nitasema kwamba nilidanganya, na nitasema kwa nini.

"Si nitafungwa?"

"Hakimu anaweza kukufokea. Kufokewa unakujua."

"Na nikishindwa?"

"Ukishindwa, utashindwa ukiwa na maneno yako mwenyewe. Lakini ukishinda na ule uongo, Elphas atajua. Kila ukiamka ndani ya nyumba hiyo kuna mtu mmoja duniani anajua jinsi ya kukutoa. Unataka kulala hivyo?"

Nikamuuliza kama ameniwia radhi. Akasema hilo si jambo la masijala, akaniuliza kijiji cha akina Zakaria kinafikiwa vipi.

Nilidhani anauliza tu. Baadaye ndipo nilipojua kwamba alipanda basi, mtu mwenye magoti mabovu kama yake, akaenda mpaka kwa shangazi wa mume wangu, yule aliyesimamia kugawa vitu, akiwa na mkate na sukari kama mgeni yeyote. Shangazi mwenyewe alinisimulia. "Alikaa kwenye kigoda changu," alisema, "akaniuliza kitu kimoja tu: 'Mama, mlimpa Elphas nini?' Nikamwambia. Akaniuliza tena. Nikamwambia. Mara ya tatu nikamfukuza kuku akaelewa nimechoka." Wakili alimtumia nauli ya kuja Nairobi. Karani alimpokea kituoni, akambebea kikapu.

Siku ya kesi Elphas alikuja na wakili wake na mashahidi watatu kutoka nyumbani, wote wamevaa makoti. Kazi ya hao watatu ilikuwa moja, kusema waliniona nikitoa mkoba. Walikuwa wamejiandaa kuniumbua.

Wakili wa Elphas akasimama, amejaa kujiamini. "Mama, unasema kadi hii iliibiwa."

"Hapana," nikasema. "Nilisema hivyo mwanzo kwa sababu ya aibu, na leo asubuhi nimeapa upya nikasahihisha. Nilimpa. Nilipiga magoti nikampa kwa mikono miwili, siku ya kugawa vitu."

Yule bwana alifungua ukurasa, akaufunga, akafungua mwingine. Mashahidi wake watatu walikuwa nje kwenye benchi na makoti yao, na hawakuwa na la kusema tena. Hakimu alinifokea, ndiyo. Alinifokea vizuri, kuhusu kiapo. Nilikujua kufokewa.

Kisha akaja shangazi. Akaulizwa Elphas alipewa nini. Akasema, "Aliyepewa koti alipewa avae. Aliyepewa baiskeli alipewa apande. Elphas alipewa mkoba awatunzie watoto karatasi zao. Hatukumpa watoto. Hatukumpa mjane. Na nyumba haikuwa mkobani, nyumba iko Nairobi, mimi sijawahi hata kuiona."

Hakimu aliandika hayo akiwa ameinamisha kichwa muda mrefu. Hukumu ilipokuja ilisema mjane aliyekuwa akiishi pale na watoto hakuacha nyumba, kwamba kilichoandikwa kitabuni hakikuwa na msingi, na jina langu liandikwe. Mtu wa Elphas akapewa siku za kutoka. Sospeter Makanda hakupewa kitu chochote isipokuwa uhamisho. Nasikia walimpa ofisi nyingine yenye dirisha kubwa zaidi. Elphas alinipita mlangoni bila salamu. Huo ndio ushindi wenyewe, ulikuwa hivyo, sitaki kuupamba.

Na Karani? Hili sijawahi kulielewa vizuri. Yule simba wa ukumbini, ndani ya korti alikuwa kama mwanafunzi. Alikaa benchi la mwisho kabisa, kofia magotini, anaikunja na kuikunjua. Nilipotoa ushahidi nilimwona midomo inacheza. Wakati fulani Wakili alimpungia mkono aje mbele amnong'onezee tarehe fulani. Akatikisa kichwa, akaandika kwenye kikaratasi, akampa polisi apeleke. Aliogopa mahakimu. Miaka yote ile kazi yake mle ilikuwa kuita majina ya watu kisha kunyamaza, nafikiri mwili wake ulizoea. Baada ya hukumu nilimtafuta nimkumbatie, nikamkuta nje anamgombeza mama mwingine aliyekuja na tarehe isiyo yake. Aliponiona alisema tu, "Leta hiyo kadi Jumamosi nione kama wameandika jina vizuri." Hawakuwa wameandika vizuri. Alinirudisha.

Kuna jambo lake jingine ambalo mpaka leo sikubaliani nalo. Alikuwa na kiwanja kule Njiru, alichonunua alipostaafu. Mtu mmoja aliyeitwa Kivuva, ambaye Karani mwenyewe alimsaidia ukumbini kesi ya urithi, akakizungushia uzio akajenga. Kivuva huyo, namtaja, bado yuko. Karani hakwenda kortini. Sisi tuliosaidiwa tulimwendea kama wajumbe, tukamwambia tutakuja wote kuwa mashahidi. Mke wake alisimama nyuma ya pazia anasikiliza.

"Nimekaa upande wa Kivuva mara nyingi hapa kichwani," Karani akasema. "Anajitetea vizuri sana. Nilimfundisha mimi."

"Basi kaa upande wako hata siku moja!" Mama Otis akamwambia.

Akanywa chai. Mke wake akatoka nyuma ya pazia akaondoa vikombe kabla hatujamaliza, na nilimwelewa. Mtu anaweza kusimamia haki ya mtaa mzima na kumwacha mke wake bila kiwanja. Nimekwambia ukweli wake wote, siyo ule mzuri tu.

Ukumbi wenyewe ulifungwa. Wazee wapya wa kanisa walisema kelele za kesi zinaharibu mazoezi ya kwaya. Wakili akaolewa akahamia mji mwingine, lakini alituachia mwenzake mjini ambaye ungeweza kumwendea. Karani nikawa simwoni, ila kusikia tu kwamba mkono mmoja umelegea.

Tulionana tena mwishoni mwa miaka hiyo, soko la Burma, asubuhi. Nilikuwa kwenye bucha natafuta mifupa ya supu. Yeye alikuwa amekaa kwenye benchi la pembeni na bakuli lake, kofia ile ile, amekuwa mdogo ndani ya koti.

"Mama Doreen. Nani mgonjwa?"

"Nani amekwambia kuna mgonjwa?"

"Hukuwa mtu wa mifupa. Nani?"

Nilikaa. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote, hata Mama Otis. "Elphas," nikasema.

Alikuja siku tano kabla. Nilifungua mlango nikamkuta amekaa kwenye ngazi, bahasha ya eksirei mapajani, miguu imevimba haiingii viatuni. Wale rafiki zake wa mjini hawakuwa na nafasi. Wanawe walimpandisha basi wakamwambia atafute hospitali kubwa. "Shemeji," aliniambia, "sina mwingine wa karibu na hospitali." Niliacha mlango wazi nikarudi ndani, akaingia. Tangu hapo analala sebuleni na mimi silali. Kila akikohoa mara mbili nasikia kesi inaanza upya. Doreen amekasirika, hazungumzi nami. Nilimweleza Karani yote hayo, na nitasema kweli, nilitaka aniambie nimtoe. Nilitaka mtu mwenye akili anipe ruhusa.

"Sheria inasema nini?" nikamuuliza.

"Sheria haina neno hapo. Nyumba ni yako. Umtoe au umweke, hakuna hakimu atakayekuita."

"Basi unaniambia nini sasa?"

"Nakuuliza. Unaogopa ugonjwa wake, au unaogopa atakaa mpaka aitwe mwenye nyumba?"

Alijua.

Akamwita mwenye bucha amkatie kipande cha ile karatasi ya kaki ya kufungia nyama. Mkono wake wa kulia haukuwa na nguvu, basi aliushika na wa kushoto, akaandika polepole sana, herufi moja moja, jasho linamtoka juu ya mdomo. Mara mbili nilitaka kumsaidia akanisukuma na kiwiko. Alipomaliza alinipa, akarudi kwenye supu yake iliyokwisha kupoa.

"Akikataa, mtoe," akasema. "Akikubali, mpe chakula."

Nilifika nyumbani nikaweka mifupa motoni. Elphas alikuwa ameegemea ukuta, amejifunika blanketi la Doreen. Nikampa karatasi na kalamu. Alikuwa msomi kuliko mimi, alifika kidato cha pili. Akaisogeza kwenye mwanga akasoma kwa sauti, kama watu wa umri wetu wanavyosoma:

"'Mimi, Elphas Kisanya, ni mgeni katika nyumba ya Rebeka Ayuma. Nimeingia kwa ridhaa yake. Nitaondoka nitakapopona, au atakaposema.'"

Akafika mwisho, akarudi kwenye jina langu, akalitazama. Alikuwa ameniita shemeji miaka yote, au mke wa Zakaria. Sidhani kama alishawahi kulitamka.

"Hili andiko ni la yule Karani," akasema.

"Ndilo."

"Mkono wake umeharibika."

"Umeharibika. Utaandika au huandiki?"

Doreen alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumbani, mikono kifuani, anasubiri. Elphas aliweka karatasi juu ya bahasha ya eksirei, akatia sahihi. Nikaichukua, nikaisoma mwenyewe tangu mwanzo hadi mwisho, na mafuta ya bucha yalikuwa yamelowesha kona moja. Kisha nikampakulia supu.